Kiti namba 14 kimeuzwa mara mbili: databesi gani uweke kwenye saiti yako?

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu kanifata, anatengeneza saiti ya kukatia tiketi za basi, mjomba wake ni wakala pale stendi ya Mbezi, akaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mpaka nimechoka: "Kaka, niweke MySQL au Postgres?" Sijajibu akaendelea mwenyewe, eti kuna aliyemwambia MySQL imeshakufa, mwingine kamwambia Postgres ni ya makampuni makubwa itamshinda, wa tatu kamwambia hizo zote mambo ya kizee, weka MongoDB. Dogo wa watu kachanganyikiwa, saiti yenyewe hata ukurasa wa kwanza haujakaa sawa ila ugomvi wa databesi ushaanza.

Nikamuuliza, hapo kwa mjomba watu wangapi wanauza tiketi kwa wakati mmoja? Akasema labda wanne, na mwingine yuko Shekilango. Na kiti kimoja kikiuzwa na wawili inakuwaje? Akacheka, akasema hiyo hutokea kila sikukuu, abiria wanagombana ndani ya basi mpaka kondakta aitwe aamue. Nikamwambia basi tuanzie hapo kwenye kiti, majina ya databesi tutayakuta mbele.

Tuelewane maneno kwanza

Vitabuni utakuta kanzidata, wengine wanaandika hifadhidata, mtaani tunasema databesi, ni kitu kilekile. Ila neno hili linabeba vitu viwili kwa mpigo na hapo ndo watu wanapoanza kupotea. Kuna data zenyewe, yaani majina ya abiria, namba za viti, nauli, halafu kuna programu inayozitunza, ile unayoiambia "niletee abiria wote wa kesho" ikakuletea. MySQL, MariaDB, PostgreSQL, SQLite, Oracle, SQL Server, zote hizo ni programu. SQL yenyewe siyo programu, ni lugha ya kuongea nazo, kwa hiyo mtu akikwambia "mi natumia SQL" bado hajakujibu, ni sawa na umuulize mtu ana gari gani akakujibu diseli.

Na phpMyAdmin siyo databesi. Naisema hii kwa sababu nimeshaona sivii zimeandikwa "databesi ninazozijua: phpMyAdmin". Ile ni dirisha la kuchungulia tu, ukilifunga databesi iko palepale inaendelea na kazi zake. Halafu nyie wa XAMPP, ile programu ya kuendeshea saiti kwenye kompyuta yako mwenyewe, mnaobonyeza kitufe pale palipoandikwa MySQL, taarifa yenu ni kwamba tangu 2015 XAMPP inakuja na MariaDB ndani, kwa hiyo kuna watu wanaiponda MariaDB kila siku na ndo wanayolala nayo.

Hizi za leo zinaitwa databesi za uhusiano, rilesheno kama wengi wanavyotamka. Wazo ni la Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi IBM kule California, alilitoa mwaka 1970. Nikutoe ushamba kidogo hapa maana hata walimu wanakosea: wengi wanasema zinaitwa hivo kwa sababu majedwali yanahusiana. Siyo. Codd alilichukua neno kwenye hisabati na kwake "uhusiano" ni lile jedwali lenyewe, lenye mistari na safu. Haya, tuendelee.

Daftari la Mangi

Fikiria daftari la madeni pale dukani kwa Mangi. Tarehe 3 kaandika Mama Rehema, sukari kilo moja. Tarehe 9, Mama Reh, mafuta nusu. Tarehe 15, M/Rehema wa bati jekundu, mchele kilo mbili. Mwisho wa mwezi Mangi anataka kujumlisha na hajui kama hao ni mtu mmoja au watatu, na Mama Rehema mwenyewe kwa jinsi alivyo mjanja atakubali lile deni dogo tu.

Dawa yake ni madaftari mawili. La kwanza la wateja, kila mteja na namba yake, Mama Rehema ni namba 17, simu yake hii, nyumba yake ile. La pili la madeni, humo huandiki jina kabisa unaandika 17. Akibadilisha laini ya simu unarekebisha sehemu moja na imeisha, ukitaka deni lake lote unakusanya mistari yote yenye 17. Hapo umeshaelewa nusu ya databesi za uhusiano, kila jambo linaandikwa mahali pamoja na mengine yote yanalinyooshea kidole.

Nusu ya pili ndo muhimu zaidi na ndo wanaoanza wanairuka: daftari la karatasi linapokea chochote, databesi ina uwezo wa kukataa. Ukijaribu kuandika deni la mteja namba 52 wakati wateja wako wanaishia 40 inakwambia huyo mtu hayupo, haiandiki. Ukisema safu ya nauli lazima iwe kubwa kuliko sifuri, basi hata kijana aliyekosea kwenye PHP saa nane za usiku hawezi kuingiza nauli hasi.

Turudi kwenye kiti. Karibu kila saiti ya mwanafunzi niliyoiona inafanya hivi: kodi, yaani programu uliyoiandika, inauliza databesi "kiti 14 kiko wazi?", ikijibiwa ndiyo, inaandika abiria. Inaonekana sawa, na ukijaribu peke yako kwenye laptop inafanya kazi vizuri kabisa. Sasa weka wakala wa Mbezi na wa Shekilango wabonyeze sekunde ileile. Wa Mbezi anauliza, kiko wazi. Wa Shekilango anauliza, bado kiko wazi maana mwenzie hajaandika. Wote wanaandika. Umeuza kiti mara mbili na kodi yako haina kosa hata moja la herufi. Kinachotakiwa ni kuiambia databesi yenyewe kwamba safari hii na kiti hiki, wawili hawa pamoja wasijirudie kamwe, halafu unaandika moja kwa moja bila kuuliza, anayechelewa anakataliwa, unamwonyesha ujumbe wa samahani kiti kimeshachukuliwa. Mstari mmoja wa SQL. Na huo mstari upo kwenye MySQL, upo Postgres, upo SQLite, kote.

Kuna na kitu kinaitwa muamala, na hili neno Mtanzania yeyote mwenye simu analijua tayari. Ukimtumia mtu elfu kumi, kuna hela kutoka kwako na hela kuingia kwake. Umeme ukikatika katikati, hela imetoka kwako haijafika kwake, unadhani ungeendelea kuuamini huo mtandao? Databesi inakuruhusu kufunga vitendo viwili au kumi kwenye kifurushi kimoja, ama vyote vinafanyika ama hakuna kilichofanyika. Kwenye tiketi ni hivohivo, malipo yameandikwa, kiti kimeandikwa, risiti imeandikwa, kimoja kikigoma vyote vinarudi nyuma.

Cha mwisho kabla hatujaingia kwenye majina ni faharasa, indeksi kwa waliozoea. Ile kurasa ya nyuma ya kitabu inayokwambia neno fulani liko ukurasa wa 212. Bila hiyo, kumtafuta abiria mmoja kwa namba ya simu kwenye mistari milioni moja maana yake databesi inasoma mistari milioni moja. Ukiwa na orodha iliyopangwa unagawa katikati, unagawa tena, na kwa kugawa mara 20 tu umeshampata. Milioni moja dhidi ya 20. Kila mtu akiniambia "MySQL ni slow nahamia Postgres" namuuliza kwanza umeweka faharasa? na mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo.

MySQL na mdogo wake

MySQL ilitoka 1995, kampuni ilikuwa Sweden, na jina limetokana na My, binti wa Monty Widenius, Mfini aliyeitengeneza na wenzake. Mwaka 2008 kampuni ya Sun wakainunua hiyo kampuni kwa dola bilioni moja hivi, 2010 kampuni ya Oracle wakamaliza kuinunua Sun yenyewe, na Monty kwa kuogopa Oracle wataifanyaje alishachukua kodi 2009 akaanzisha MariaDB, hiyo kaipa jina la binti yake mdogo Maria. Kwa hiyo hao ni ndugu, kwa saiti ya kawaida hutaona tofauti, ila miaka inavyoenda wanazidi kuachana kwa hiyo usitegemee kuhama toka moja kwenda nyingine bila kupima.

Sifa yao kubwa kwa hapa kwetu haina uhusiano na kasi, ni kwamba wapo kila kona. Ile hostingi ya bei rahisi unayolipia kwa mwaka yenye cPanel, ile paneli ya kuendeshea saiti, inakuja na MySQL au MariaDB, WordPress inataka hizo, fundi wa kukusaidia yupo mtaa wa pili. Wikipedia nzima inakaa juu ya MariaDB, Facebook na GitHub wako kwenye MySQL, kwa hiyo wanaosema imekufa sijui walihudhuria mazishi ya nani.

Sifa mbaya inayo pia, na nyingi ni za zamani ila zinafuata watu mpaka leo. Mimi kazi yangu ya kwanza ya hela ilikuwa mfumo wa kikundi cha kukopeshana, na namba za simu nikaziweka kwenye safu ya namba ya kawaida, INT. Mbona namba ya simu ni namba? Kosa langu kabisa. Kwanza 07 ikawa 7 maana namba haianzi na sifuri. Nikaona nijifanye mjanja, nikaanza kuingiza zikiwa na 255 mbele. Siku ya kutuma ujumbe wa kukumbusha rejesho, hakuna hata mmoja uliofika, kuangalia kwenye jedwali wanachama wote wana namba moja, 2147483647. Ndo mwisho wa INT kuhesabu, na MySQL za enzi hizo ukiipa namba kubwa kuliko uwezo wake ilikuwa inaweka ile kubwa inayoiweza, inatoa onyo la pembeni ambalo hakuna anayelisoma na kazi inaendelea. Zile namba halisi zilikuwa zimepotea, ikabidi niwapigie simu viongozi wa kikundi waniletee tena kwenye karatasi. Tangu toleo la 5.7 la mwaka 2015 inakataa kwa msingi, na namba ya simu toka siku hiyo kwangu ni maandishi, siijumlishi na chochote.

Lingine ni emoji. utf8 ni utaratibu wa kuhifadhi herufi, ila MySQL ina kitu inachokiita utf8 ambacho siyo utf8 kamili, kinaishia baiti tatu na emoji inataka nne. Kiswahili chetu hakina herufi za ajabu kwa hiyo hutagundua chochote mpaka mteja aandike "safari nzuri" aweke na kale kakucheka mbele, maoni yanakatika hapo au yanagoma. Chagua utf8mb4 kila mahali, toleo la 8 linaanza nayo lenyewe. Na kama bado uko kwenye 5.7, matunzo yake yaliisha Oktoba 2023, panda toleo.

Na uangalie majedwali ya zamani ya aina ya MyISAM, zilikuwa ndo za msingi mpaka toleo la 5.5 la 2010 lilipoifanya aina nyingine, InnoDB, kuwa ya msingi. MyISAM haijui muamala, na ule ufunguo wa kuunganisha jedwali na jedwali unauandika inakubali halafu inaupuuza, kimyakimya. Nusu ya hadithi za "MySQL inapoteza data" zimetoka huko.

Ile unayoibeba mfukoni bila kujua

SQLite watu wanaichukulia kama ya kujifunzia tu. Ilianza 2000, D. Richard Hipp alikuwa kwenye kazi ya meli ya kivita ya jeshi la majini la Marekani akataka databesi isiyohitaji seva, yaani programu ya pembeni inayokaa ikisubiri maombi. Ni faili moja. Leo iko kwenye kila simu ya Android na kila iPhone, kwa hiyo kwa idadi ya nakala hakuna inayoisogelea. Hata mifumo ya kutengenezea saiti, Django inaanza nayo, Laravel toka toleo la 11 la 2024 inaanza nayo.

Mfano wake ni daftari moja lenye kalamu moja. Wasomaji wanaweza kulisoma hata mia kwa pamoja lakini anayeandika ni mmoja, wengine wanasubiri kalamu. Kusubiri kwenyewe ni milisekunde, kwa hiyo saiti ya shule, blogu, katalogi ya duka, inatosha na kubaki, wenyewe wanasema saiti yenye hiti chini ya laki moja kwa siku isiwe na wasiwasi. Tatizo linakuja pale waandishi ni wengi muda wote, au unataka seva mbili za saiti zitumie databesi moja, hapo hapana. Mambo mawili ya kuangalia: kufuatilia funguo za kuunganisha kumezimwa mpaka ukuwashe mwenyewe kila unapounganisha, na hilo faili usiliweke kwenye folda ya saiti inayoonekana na dunia, maana mtu akibahatisha jina lake analidauniloadi lote na wateja wako ndani. Nimeshaliona likitokea.

Mzee wa Berkeley

PostgreSQL, ndo hiyohiyo Postgres, ni mkubwa kuliko wote hawa, mradi ulianza 1986 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na jina limetokana na kuwa baada ya mradi wake wa mwanzo ulioitwa Ingres. Jina la sasa lilikaa 1996. Haina mwenye nayo, hakuna kampuni inayoweza kuinunua ikaamka nayo kesho na bei mpya. Kwenye ule utafiti wa developa duniani wa Stack Overflow, saiti yao ya maswali na majibu, mwaka 2023 ndo iliipita MySQL kwa watumiaji.

Kinachonifanya niipende ni ukali. Haikisii. Ukiipa takataka inakwambia takataka. Ukibadilisha muundo wa majedwali katikati ya muamala na kitu kikafeli, mabadiliko yote yanarudi kama yalivyokuwa, MySQL hapo inakuacha nusu njia, safu moja imeongezeka nyingine bado. Ina JSON, yaani data zisizopangwa kwenye safu, nzuri sana toka 2014, ina PostGIS kwa mambo ya ramani, ndo maana DHIS2, ule mfumo ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanautumia kukusanya takwimu za vituo, uko juu ya Postgres. Na kabla hujajipigia makofi, OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao mizizi yake iko kwenye kliniki za Eldoret, umekulia kwenye MySQL. Zote zinahudumia wagonjwa walewale.

Ubaya wake? Kila koneksheni inayofunguliwa inapewa mhudumu wake kamili, na mhudumu anakula ramu. Kikomo cha msingi ni koneksheni 100. Kwenye VPS, seva ya kukodi, ndogo ya giga moja ukiiachia saiti ifungue ovyo utazidiwa, unaweka kitu kama PgBouncer mbele yake, ni kama benki kuwa na foleni ya namba, madirisha matano wateja mia. Pia ukirekebisha mstari haifuti wa zamani, inaandika mpya na kuuacha ule mpaka mfagiaji wake apite. Mfagiaji huyo anapita mwenyewe, ila jedwali linalobadilishwa mara elfu kwa dakika linajaa uchafu kuliko anavyofagia. Hili ni moja ya mambo yaliyowafanya Uber 2016 waandike kwamba wanahama Postgres kwenda MySQL, na lile andiko watu wanalitumia mpaka leo kama ushahidi kwamba Postgres haifai. Ndugu yangu, wewe una abiria 60 kwa siku. Shida za Uber ni za Uber.

Vipi kuhusu MongoDB

Haimo kwenye ukoo huu, ni aina nyingine, inatunza nyaraka nzimanzima badala ya majedwali. Siyo mbaya. Ila sababu wanayotoa wengi ni "haina haja ya kupanga muundo", na hiyo ndo inanitisha, kwa sababu muundo haujaondoka umehamia kichwani kwako na kwenye kodi iliyotawanyika, na siku ukiajiriwa kwingine umeondoka nao. Tiketi, malipo, madeni, wanafunzi na matokeo yao, hayo ni madaftari yanayonyoosheana vidole, weka kwenye majedwali.

Na wanaosema databesi za uhusiano hazibebi mzigo mkubwa, rudi juu usome tena Wikipedia iko wapi.

Mambo ambayo hakuna databesi itakuokoa nayo

Saa, kwa mfano. Kwetu basi linaondoka saa 12 asubuhi. Dogo kwenye data zake za majaribio kaandika 12:00. Databesi yoyote duniani inajua hiyo ni saa sita mchana, abiria wake watafika stendi basi liko Dodoma. Andika 06:00, mtu wa kuona aone saa 12 asubuhi, hiyo ni kazi ya ukurasa siyo ya databesi. Na basi la Kigali je? Kigali wako saa moja nyuma ya Dar, kwa hiyo hifadhi muda wa UTC, ile saa ya kimataifa, ubadilishe wakati wa kuonyesha. Ukiwa MySQL ujue aina yake ya TIMESTAMP inaishia Januari 2038, inaonekana mbali ila mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaifikia.

Hela usiiweke kwenye float, aina ya namba za desimali, inakadiria, itafika siku unajumlisha na inapungua senti huelewi zimeenda wapi. Weka DECIMAL, ambayo haikadirii, au kwa kuwa sisi senti hatuzitumii tena, namba nzima ya shilingi.

Na bakapu. Januari 31 mwaka 2017 injinia wa GitLab, kampuni ya kutunzia kodi za watu, wanatumia Postgres na watu wao ni wazuri haswa, akiwa amechoka usiku kafuta folda ya databesi kwenye seva ambayo siyo. Kustuka, kati ya giga 300 hivi zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu, wakakuta zilikuwa zinafeli muda mrefu kwa sababu ya toleo lisiloendana na barua pepe za kuwaonya zilikuwa hazifiki. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono masaa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha ukaona inawaka, hiyo bado ni matumaini tu.

Sasa dogo kaweka nini?

Ningekuwa mimi naanza mradi mpya kwenye VPS yangu, Postgres bila kuwaza. Saiti ni WordPress au hostingi ni ile ya cPanel, MariaDB, usihangaike. Kitu kidogo cha mtu mmoja, SQLite. Kama una mtu mwingine atakayeitunza baada yako, muulize yeye anaijua ipi, maana databesi nzuri ambayo fundi wake yuko peke yake na kasafiri ni mzigo.

Lakini tukirudi kwenye tiketi, tulipokaa chini na mjomba kikatokea kitu ambacho dogo wala mimi hatukukiwaza. Nikamweleza kwa kujiamini kwamba mfumo utazuia kiti 14 kisiuzwe mara mbili kwenye safari moja. Mzee akanitazama. "We kijana, mbona utanifilisi? Kiti 14 mtu anakaa Dar mpaka Moro anashuka, Moro anapanda mwingine mpaka Singida. Ndo tunavyokula hapo." Kwa hiyo kuuza mara mbili siyo kosa, kosa ni kuuza mara mbili kwenye kipande kilekile cha njia.

Hapa Postgres ina kitu kizuri mno, unaiambia kiti kimoja kinaweza kuwa na tiketi nyingi ila masafa yake yasipandiane, Dar hadi Moro na Moro hadi Singida ruksa, Dar hadi Dodoma na Moro hadi Singida inakataa yenyewe. MySQL hawana hicho. Nikajua hapo nimeshinda, tunaweka Postgres.

Dogo kanijibu hostingi ya mjomba imelipiwa mpaka mwakani na ni ya MariaDB. Halafu akaniuliza, kwa nini tusigawe njia vipande, Dar–Morogoro, Morogoro–Dodoma, Dodoma–Singida, Singida–Shinyanga, Shinyanga–Mwanza, tiketi ya Dar hadi Dodoma inaandika mistari miwili ndani ya muamala mmoja, na tunasema safari, kiti na kipande visijirudie? Nikakaa kimya kidogo. Inafanya kazi, na hata kondakta akiisoma ataielewa.

Jumamosi tulijaribu na simu mbili, yangu na yake, kiti 14, Dar hadi Dodoma kwangu, Morogoro hadi Singida kwake, moja, mbili, tatu, bonyeza. Yangu ikagoma. Kusema kweli alibonyeza kwenye mbili.